Shokapu za Tela

Nkwimba, lete spana ya kumi na tisa,
ile yenye kutu shingoni.
Niko chini ya nyumba yetu ya magurudumu,
hapa Nyakato, kwenye kokoto na oili chafu,
nikiilaumu springi.

Springi haina kosa. Inakumbuka mno:
shimo la Magu hulirudia mpaka Kisesa,
ikinesa, ikinesa,
na kila safari kabati lako linazaa vigae.
Kazi ya shokapu ni kusahau.

Fundi Lusinge kachomelea vishikio jana.
Leo zamu yangu: bushi juu, bushi chini,
nati, nusu mzunguko, basi,
usije ukaipasua.
Naibonyeza kwa kiganja.
Inakubali polepole, inarudi polepole,
kama mama yako alivyonipokea.

Jioni tukaivuta juu ya mawe ya Igombe.
Uliacha chai mezani makusudi,
kwenye kikombe cha mwisho chenye mkono.

Tulipofika ziwani ulishuka kwenda kutazama.
Mimi nilibaki kwenye usukani, nimezima injini,
nasikiliza.

"Imemwagika," ukasema. "Kidogo.
Imeishia kwenye sahani."

Ukainywa pale pale, ya baridi,
na ya sahani pia.