Neno Nyuma ya Ngozi

Bisibisi ya babu haikutaka kushika.
Skrubu mbili, zimepakwa rangi mara nne au tano:
buluu ya mama, kijani cha miaka ya vita,
nyeupe ya harusi yangu,
na mlango wenyewe tayari ni wa Ferzali,
aliyelipa nusu kwa fedha, nusu kwa ahadi ya tufaha.

Ruvin anapiga simu kutoka Haifa: “Umemaliza?”
Namwambia kimebaki kitu kirefu kama kidole,
pale kwenye mwimo wa kulia.
“Kitoe. Hicho si cha nyumba, ni chetu.”

Kikatoka na ganda la rangi, na mchanga kidogo,
na buibui asiye na haraka.
Ndani, ngozi iliyokunjwa. Mgongoni mwa ngozi,
mahali mwandishi alipoacha weupe wote,
herufi tatu tu.
Shadai.

Babu Nuvakh alikuwa mshona viatu, hakuwa mwanachuoni,
lakini neno hilo alilizungusha mdomoni
kama msumari wa soli.
Alisema walioandika “Mwenyezi” walikuwa na haraka;
neno kubwa hufunika shimo kubwa.
“Walijua wao? Mimi sijui,
nami naligusa kila asubuhi mwaka wa sitini huu.”

Siku moja, ng'ambo ya mto Kudial, akanyoosha mkono:
“Babeli ya kale, shadu ni mlima.
Basi huenda ni Mungu wa Mlimani,
wa wachungaji waliokuwa hawajajenga kitu.”
Nikatazama. Shahdagi yote imemezwa na mawingu.
Na mlima usipoonekana, babu?
“Haujauzwa,” akasema, akaendelea kutembea.

Bibi Gulbahor, mkunga, alicheka mpaka chai ikamwagika.
“Wanaume! Wameona vilima viwili
wakadhani ni jiografia.”
Akajishika kifua kwa mikono ya unga.
Shadaim ni matiti, akasema; hata mtoto wa siku moja
anaijua tafsiri hiyo bila mwalimu.
Herufi zile zile alizichora kwa mkaa
juu ya kila kitanda cha mzazi.

Alizichora juu ya changu, Februari ile,
theluji imefika dirishani.
Mtoto alikaa siku nne.
Ya tano, maziwa yakaja,
kama mgeni aliyepewa anwani ya zamani,
yakalowesha gauni, shuka, godoro.
Bibi akanifunga kifua kwa kitambaa, akakaza,
wala hakutaja jina lolote la Mungu.

Babu ndiye aliyesimama kizingitini, viatu mkononi.
Kuna wanaolichimba neno, akasema,
wakakuta mzizi mwingine chini yake: kuharibu.
“Na hilo limo. Sitakuficha.”
Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa dua zote.

Kisha, polepole, kama anayeomba radhi:
walimu wa zamani walilipasua neno vipande viwili,
she na dai, Yeye-ambaye-yatosha.
Ulimwengu ulikuwa bado unaumuka,
unga uliosahauliwa karibu na jiko,
bahari inataka kuwa bahari zaidi,
ndipo akasema: Basi.

Na haya, nikauliza, nani atayaambia basi?

Yalikauka siku ya kumi na moja.
Sijui ni nani aliyesema. Mimi nilidhani ni kitambaa.

Ferzali amekuja na funguo zake mpya.
Anapitisha kidole kwenye mwimo,
ule mstari wa mbao ambao haujaona jua,
matundu mawili, moja juu, moja chini.
Mama yake, anasema, akija kuazima chumvi
alikuwa akipagusa hapo, hakujua ni nini,
alikuwa akituiga tu.
“Niyazibe?”

Sina mfuko. Ngozi nimeitia kifuani,
inakwaruza kidogo ninapovuta pumzi.
Basi, nasema. Yaache.

Teksi inapiga honi.
Skrubu moja sijui nimeiweka wapi.