Dodoso la Mia Mbili na Kumi na Tatu

Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa, Malindi,
ngazi kumi na tano, ile ya tisa imelegea.
Kibao cha mlangoni kinasema
Utafiti na Ushauri wa Saikolojia Kazini,
na bado watu hupanda kutuuliza kama tunapima presha.

Daktari Mbeyu huwaambia: kwa namna fulani, ndiyo.
Shekuwe hasemi kitu. Yeye ni wa hesabu.
Mimi Nyevu ni wa kunakili sauti:
nabonyeza, narudisha, nabonyeza tena,
na mtu aliyezungumza saa moja
hunila siku nzima.

Februari tulikwenda kwenye chumvi, njia ya Gongoni.
Meneja alitaka kujua kwa nini watu wake hawadumu.
Mbeyu akauliza, kwa ile sauti yake ya kumimina maji polepole,
“Kwa kipimo cha moja hadi tano,
unaridhika kiasi gani na kazi yako?”
Mama mmoja, jina tumelifuta kama tulivyoahidi,
alinyamaza sekunde kumi na nne. Nimezihesabu.
Kisha: “Hiyo tano, mwanangu, hulipwa lini?”
Wakaangua kicheko, koleo zikagongana,
mpaka leo nikiisikiliza naonja chumvi mdomoni.

Shekuwe akajaza kwenye jedwali: hakujibu.

Hawa wawili walianza na mkopo wa chama
na kompyuta moja ya mitumba, iliyokosa herufi M,
wakawa wanaandika “eneja”, “shahara”, “fanyakazi”,
wakicheka hadi Isha.
Sasa Mbeyu akiwa na neno hulipitisha kwangu:
“Nyevu, mwambie Shekuwe jedwali la nne halisomeki.”
Naye kakaa hatua tatu kutoka pale,
kiwiko kimezuia karatasi zisipeperushwe na feni.
“Mwambie lasomeka, kwa anayetaka kusoma.”
Ndio hao waliofundisha hospitali nzima kusikilizana.
Mganga hajigangi, najua,
lakini hawa hawajigangi na risiti wanakata.

Jioni moja walinitangulia kutoka.
Madodoso yalikuwa mezani, mia mbili na kumi na mawili,
mengine yana alama za vidole, nyeupe, zilizokauka.
Nikachukua moja tupu.
Umri. Miaka kazini.
Swali la saba: Je, maoni yako husikilizwa?
Nikaandika: Maoni ninayoyajua ni ya wengine, neno kwa neno, pamoja na kikohozi.
La kumi na moja: Kuna mtu hapa kazini
ambaye angejua ukiwa unaumwa?
Nilikaa.
Mwadhini alianza, akamaliza.
Nikaliacha wazi, nikalichomeka katikati ya mafungu.

Jumatatu Shekuwe alihesabu mara tatu.
Akavua miwani. Akahesabu bila miwani.
“Mbeyu,” akasema,
kwa mdomo wake mwenyewe, mara ya kwanza tangu Mfungo Mosi,
“kuna moja limezidi. Njoo.”

Alilisoma amesimama, mkoba bado begani.
Mwandiko ule wanaujua: uko kwenye kila faili,
kwenye kopo la sukari, kwenye kikaratasi
kinachomwomba anayetoka mwisho azime feni.
Hakuna aliyenitazama. Walitazama karatasi
kama watu wawili walioshika mtoto mmoja
na hawajui nani amwachilie.

“Nyevu,” Mbeyu akaniita, na maji yake hayakumiminika sawa,
“la kumi na moja. Hukulijibu.”

Kalamu ya Shekuwe ilikuwa juu ya kile kisanduku
anachokijaza haraka siku zote.
Aliishikilia hapo. Hakuiteremsha.

Moja, nikaanza moyoni. Mbili. Tatu.
Kule chini mtu alikuwa anapanda, taratibu, mzito wa miguu,
na ngazi ya tisa ikalia.