Mkia wa Neno

Ayaviri, saa mbili asubuhi. Chai ya koka
imepoa kabla hakimu hajavua glavu.
Kati ya kizimba na meza yake kuna kiti kimoja
kisicho na upande: changu.

Nilisema mapema, iandikwe:
huyu Casimiro Yucra ndiye aliyetuzibia mfereji
mwaka ule viazi vya baba vilipokauka.
Hakimu akaguna. Mkalimani mwingine yuko Juliaca,
na barabara imezibwa na theluji. "Utaweza?"
Mawakili wote wawili wakaridhia.
Nikasema nitaweza. Nilisema haraka mno.

Basi akisema mimi, nasema mimi.
Mimi sikuiba alpaka wa mtu.
Mimi nilikuwa kwa shemeji, tukinyoa sufu.
Kinywa changu, kiapo chake.
Jino langu bovu linauma ndani ya uongo wake,
kama ni uongo.

Kisha akaja Bi Nicasia, mjane, kofia mapajani:
aliwaswaga kumi na mmoja, usiku, njia ya mtoni.
Alitamka hivyo, lakini kwa mkia.
Kikechua chetu kina mkia wa niliona
na mkia wa nilisikia. Wake ulikuwa wa kusikia,
mfupi, kama pumzi ya mtu apulizaye kaa.

Kihispania hakina mkia huo.
Ningeudondosha sakafuni, nani angeuokota?
Kumi na mmoja, usiku, njia ya mtoni:
miaka sita gerezani,
na maji yangeteremka hadi shambani kwetu.
Au ningesema eti,
nikamgeuza bibi wa watu mzushi
mbele ya wajukuu zake.

Nikameza mate.
"Shahidi anasema amesikia kwamba aliwaswaga."
Kalamu ya karani ikasimama.
"Amesikia kwa nani?" hakimu akauliza,
na Bi Nicasia akanitazama mimi, si yeye,
kana kwamba nimemvua shali hadharani.

Kesi imeahirishwa. Mlangoni Casimiro
ananinyooshea jibini iliyofungwa kitambaani.
Siipokei. Mjane anapita, haitikii salamu.
Nilidhani haki ingenipa angalau rafiki mmoja.

Nyumbani baba anamenya kiazi, hainui kichwa.
"Ni mwizi au si mwizi?"
"Wanasema ni mwizi," namjibu, na mkia wake.
Kisu kinatulia.
"Na mfereji?"
"Huo," nasema, kwa mkia ule mwingine,
"niliuona."