Vijiko Viwili

Simu huja Ijumaa baada ya swala, sauti ina mikwaruzo.
Kombo anasema wiki ya sita hii jua halijatua.
Mama anaiweka juu ya friza, hapa Limbani,
apate kusikia na mikono ifanye kazi:
anakwangua kuta kwa kijiko cha kupakulia,
umeme umekatika tangu alfajiri,
barafu za ubuyu zimeanza kulia mifukoni.

"Na mimi naendesha kijiko," anasema Kombo,
"ila changu kina minyororo na tani ishirini na mbili,
na meno niliyoyachongesha upya juzi.
Huku hakuna udongo, mama. Tunachimba msingi
ndani ya barafu iliyoanguka kabla ya babu wa babu.
Ukiichota kama mchanga, inakucheka.
Ukiisugua, inatoa jasho kidogo,
halafu jasho linaganda, linang'ang'ania jino,
na mtambo mzima unabaki umeshikwa mkono
kama mwizi wa karafuu."

"Mwagia maji moto," mama anasema, "usubiri."

"Ndivyo. Tunapuliza hewa ya moto, tunasubiri.
Injini hatuzimi usiku. Ukizima, mafuta yanakuwa gundi,
chuma kinapasuka kama chungu."

Hatuzimi. Mama anatazama swichi ukutani.

Alikuwa na miaka saba, mimi tisa:
alichukua kisu amsaidie mama,
akachoma pale barafu iliponenepa,
na friza likatoa pumzi yake yote, sss,
mara moja, kama mtu aliyekata tamaa.
Mwaka mzima hatukuuza kitu.
Hakupigwa. Nadhani ingalikuwa nafuu.

"Jana," anasema, na sauti inakatika, inarudi,
"chini ya ndoo kulikuwa na bomba la mafuta,
ramani haikulionesha. Jino limebakisha shubiri.
'Shusha,' msimamizi ananiambia. Nikainua.
Nilisikia, mama. Nilisikia ile sss
na bomba halijaguswa."

Mama haachi kukwangua. Chembe zinaruka,
zinamwangukia kwenye kanga, zinakufa.
Halafu anauliza lililomkaa muda wote:
"Na barafu hiyo mnayoitoa, mnaiuza wapi?"

"Hatuiuzi. Tunaisukuma pembeni, upepo unaichukua."

Kimya. Hata mtandao nadhani umeona haya.

"Yote?" anauliza mama.