Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Nilianzia pabaya.
Rodney wa duka la santuri, mwenye masharubu ya nikotini,
alinipa ile albamu ya jukwaani, santuri mbili,
akasema wote huingilia hapa.
Ngoma peke yake, dakika kumi na mbili.
Nikakaanga mayai, nikala, nikaosha kikaango,
mpiga ngoma bado anabomoa kabati.
Kesho yake nikairudisha. Nikasema, hawa si wangu.

Kazi yangu ni mashine za kufulia.
Naweka sikio kwenye pipa, nalizungusha kwa mkono,
nasikia beringi inayokufa kabla mwenye nyumba hajajua.
Basi siku hiyo, mvua ya Burnley ikipiga vioo,
nilikuwa chali jikoni kwa Bi Enid Ormerod,
tochi mdomoni, maji ya sabuni kwapani,
ndipo chumba cha pili kikaanza kunguruma.

Si gita. Gita lilikuwa halijaamka.
Besi, huko chini,
kama mtu anayepanda ngazi na mzigo
asiotaka kuulizwa ni wa nini.

"Nani hao?" Tochi ikaanguka.
"Nyumbu," akasema. "Si mnyama, mwanangu,
ile mashine ya kusokota nyuzi. Baba yangu aliihudumia
miaka thelathini, ikambakizia sikio moja.
Wavulana wanne wa Accrington.
Huyo wa besi alikuwa akituletea makaa."

Nikamwambia habari za zile santuri mbili.
Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.
"Ile waliirekodi wamelewa, wakaiuza kwa walevi.
Kaa hapo. Albamu ya pili, upande wa pili, wimbo wa tatu.
Usimfuate mwimbaji, atakupoteza.
Mfuate wa chini."

Nikakaa, mikono ya grisi juu ya magoti,
nisiguse kochi.

Mwimbaji ana miaka kumi na tisa
na anaimba jua la shamba la pamba
ambalo halijapata kumbabua shingo.
Nikasema: huu ni uongo, Bi Enid, ila mtamu.
Hakubisha. Alinyoosha kidole dirishani,
kwenye bomba la moshi la kiwanda
ambacho sasa ni vyumba vya kupanga.
"Pamba ilitoka kwao ikaja kwetu, marobota kwa marobota,
na waliochuma hawakuona malipo.
Wimbo ukafuata njia ileile.
Geuza jalada, tafuta jina la aliyeutunga."
Nikageuza. Majina manne, yote ya Accrington.
Aliupenda hivyohivyo, pamoja na deni lake,
kama unavyompenda kaka mwizi
bila kumfichia vya watu.

Kisha, baada ya ubeti wa pili,
gita liliposhusha pumzi,
mlio mdogo. Kwii.
Shingo yangu ikageuka yenyewe. Kitu kimelegea.
"Umekisikia!" Akairudisha sindano, mkono ukimtetemeka.
"Kuna mtu aliinuka kitini, humo studioni.
Mwaka wa hamsini na mbili huu najiuliza ni nani,
alikuwa anakwenda wapi na wimbo haujaisha.
Wilfred wangu alikufa akisema ni mlango."

Si mlango. Mlango huvuta sauti, huyu aliikata.
Ni mguu wa mbao juu ya skrubu iliyolegea,
na aliyeinuka hakuwa mzito.
Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kitambo,
akaniuliza kama nanywa chai na sukari.

Beringi ya nusu saa
niliifunga kwa saa tatu, nikatoza nusu saa.

Sasa ninazo albamu saba kati ya tisa.
Ya sita mbovu, wamejaza vinanda.
Ya nane sijui, bado inaninunia.
Ile ya jukwaani niliinunua tena kwa Rodney,
akanizidishia pauni mbili kwa kiburi changu.
Ngoma zikianza, nakwenda jikoni.
Dakika kumi na mbili:
mayai mawili, mkate, chai,
na nikirudi kukaa, besi ndiyo kwanza inaingia.