Dodoso la Kaya Namba 214

Nimefika Mburahati saa nne, na kishikwambi,
dumu lenye mistari ya lita,
na viatu visivyofaa vichochoro hivi.
Swali la kwanza: bomba liko umbali gani?
Bi Sikudhani akaonyesha kwa kidole cha mguu.
"Hapo. Umelikanyaga."
Nikaandika: mita sifuri.

Bomba lipo. Maji ndiyo yenye safari.
Hutoka Uluguru, kwa akina Adelina Mkude
wanaomwagilia kabichi kwa kopo
na kuambiwa wao ndio wanaoharibu chanzo,
hushuka na Ruvu, hupita nguzo iliyochorwa namba
ambayo Mloka, karani mwenzangu, huisoma kila alfajiri
kama anayempima mgonjwa homa,
humezwa na mitambo, hugawanywa, huvuja,
na yaliyosalia
huingia hapa usiku wa manane, Jumanne au Ijumaa,
kama mume mwenye nyumba mbili.

Swali la nne: dakika ngapi kwa siku kufuata maji?
Alicheka, si sana.
"Siyafuati, mwanangu. Yananifuata usingizini."
Akanionyesha kopo la rangi
analolifudikiza chini ya bomba kabla ya kulala.
Tone la kwanza likigonga bati, macho yamefunguka.
La tatu, ndoo iko mahali pake.
Miaka kumi na moja
sikio lake la kushoto halijawahi kulala.
Nikaliacha swali wazi.

Swali la saba: lita.
Maji yaliyoosha mchele yanaosha mchicha,
ya mchicha yanaloweka sare za shule,
ya sare yanafuta sakafu,
ya sakafu yanakwenda chooni, na hapo yanapumzika.
"Ukiyahesabu mara moja, sisi maskini," alisema.
"Ukiyahesabu mara tano, tunaogelea."

Bomba likigoma, dumu la muuzaji ni mia tano.
Tulilipima kwa langu.
Tako limebonyea ndani: lita kumi na saba na nusu
kwa bei ya ishirini.
Madumu matatu kwa siku, siku thelathini za kiangazi;
nilipiga hesabu mara mbili, sikuamini:
kila mwezi ananunua pipa zima la hewa,
analipa taslimu,
na hewa hiyo haimo kwenye orodha yangu ya matumizi.

Swali la mwisho, kipato.
Alitazama kwanza mlango wa jirani,
kisha akanitajia kwa vidole, mkono ukiwa chini ya kanga.

Jioni, ofisini Ubungo, ramani ya bonde ikajipaka rangi yenyewe.
Mburahati kijani: bomba, mita sifuri.
Kwa Adelina, kule juu, nyekundu:
hakuna bomba,
na mto unanguruma nyuma ya jiko lake.
Msimamizi akasema rangi zimetoka vizuri,
wafadhili wataelewa.

Wenzangu walipoondoka nikamfungua tena 214.
Swali la nne. Nikaandika:
analala na kopo.

Kishikwambi kikatetemeka mkononi.
Jibu si sahihi. Ingiza namba.

Nje giza lilikuwa limeshaingia.
Ilikuwa Jumanne.