Msumeno Uliobaki Sikioni

Miaka kumi na tisa nimelisha mashine magogo
pale Mafinga, leo msonobari, kesho mlingoti,
vumbi la mbao kwenye nyusi, pamba masikioni,
na pamba haikusaidia kitu.
Sasa mashine imezimwa, mimi sijazimika.
Msumeno umehamia humu,
unakata usiku kucha
gogo lisilokwisha.

Daktari alinichungulia kwa kijitochi,
akaandika, akafuta, akaandika tena.
"Hauponi huu, mzee Kihwele. Utauzoea."
Nilisoma midomo yake zaidi ya kumsikia.

Nikautafuta ukimya kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.
Niliingia kanisani siku isiyo ya ibada:
msumeno ulikuwa umenitangulia,
umekaa benchi la mbele.
Nikapanda msituni alfajiri, ukungu umeshuka hadi magotini,
hata ndege wamefumba,
nami nikamwambia Mungu kwa hasira:
umewanyamazisha wote, umemsahau mmoja.

Mwezi wa pili, mvua imekolea,
nikafika Kilolo kwa shangazi Sekalinga.
Kamwene, kamwene, basi.
Hakuniuliza la zaidi. Alinipa kisu
kilicholika kwa kunolewa, tukaenda kwenye mianzi.
Ulanzi haushurutishwi. Unachanja chipukizi kidogo tu,
asubuhi na jioni,
unaifunga mbeta, unaondoka.
Sikuondoka.
Nilikaa kwenye majani yaliyolowa, suruali ikalowa nayo,
nikategea tone.

Sikusikia kitu.
Zzzz, ulisema msumeno. Zzzz.

Shangazi akaushika mkono wangu
akaubandika kwenye mbeta,
kama mtoto anavyobandikwa mkono
kwenye tumbo la mama mjamzito, aonje mdogo wake.
Na hapo: ti.
Haikuwa sauti. Kitu kidogo kilibisha hodi kidoleni,
kisha nafasi ndefu,
ndefu,
kisha ti.

Sijui nilikaa muda gani. Jua lilipita, nadhani.
Msumeno ulikata, nikauacha ukate;
ulikuwa na kazi yake, nami nilikuwa na yangu.
Kati ya tone na tone palikuwapo mahali
papana kuliko misitu yote ya Mufindi,
hapana gogo, hapana msimamizi,
hapana hata yule mimi anayelalamika.
Nikapaingia nimevua kofia.
Sikuomba. Nilichotaka kuomba sikukikumbuka,
na aliyekuwa akisikiliza
hakuonekana kukihitaji.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Hakuna aliyeniambia kwamba mshindo nao
una kimya chake, kimejificha humo humo
kama maji ndani ya muanzi:
nje mkavu, unagusa, unapita,
hadi siku ya kisu.

Jioni shangazi aliishusha mbeta. Haikufika nusu.
"Kidogo," nikasema.
Akaenda kutafuta kikombe.

Nimerudi Mafinga.
Usiku huu unakata kama ulivyokata jana,
na barafu ya Juni inaganda kwenye majani ya viazi.
Vaileti amelala, ananipa mgongo.
Nimemwekea kidole begani, taratibu, asiamke.
Pumzi moja.
Nasubiri nyingine.
Hapa katikati
ndipo ninapokaa.